Nilimupakulia shemeki kuku ndani ya sahani ya ngulube

Mwenye ukurasa huu wa gazeti, ficha jina langu, maana huku Élisabethville bantu bananijua sana. Niko mwanaume wa miaka makumi ine, serveur, mwenye kupelekea bazungu chakula kwenye meza ya hoteli. Masomo kidogo, lakini dunia imenisomesha. Ninakusanya masahani ya zamani ya Ufaransa yenye banyama ba pori: sungura, kware, swala, na ngulube, ile nguruwe ya pori. Si ya mashini, hapana! Ni mukono wa muntu, hata ndani ya manyoya utaona njia ya burashi. Bazungu bakirudi Ulaya bananiachia moja moja. Ndani ya cité nzima, mutaa yetu ya bantu beusi, ni mimi tu niko nayo.

Sasa, ukoo wangu ni ba Simba, wa bibi yangu, mama ya mutoto wetu Odile, ni ba Ngulube, na ngulube kwao ni mwiko. Tangu bankambo, bazee betu ba zamani, sisi ni batani: tunatukanana hata kwenye kilio, hakuna anayekasirika. Dimanche, kisha misa, kaka ya bibi akakuja kula. Nikamupakulia kuku ndani ya sahani ya ngulube. Alipomaliza muchuzi, ile ngulube ikamutolea macho toka chini.

Nikacheka: "Shemeki, umelamba mugongo wa nkambo yako!"

Akasimama. "Mimi mutani wako? Na dada yangu umeoa?"

"Utani haujui shemeki, we pua ya matope!"

Sahani ikapasukia kichwani mwangu. Nikamupiga kiti, meno yake yakaanguka ndani ya bukari, ule ugali wetu. Akaangusha kabati nzima ya masahani, akaokota kipande chenye kupasuka, akanitafuta shingo. Bibi yangu akaingia katikati, akakikamata na kiganja. Damu ikaruka mpaka ukutani. Mimi, muchekeshaji wa cité, nikalia kama mutoto.

Leo bibi iko kwa baba yake, kule Kasungami. Vidole vyake havikunjiki tena. Baba mukwe ametuma neno: "Lete masahani yaliyobaki, uyavunje mbele yetu, umupigie shemeki wako magoti, njo utapata bibi." Bajomba bangu nao banasema: "Simba akiomba musamaha juu ya utani, asirudi kwetu."

Nikaenda kumuona bibi. Akafungua kiganja: "Baba Odile, mimi nilikamata kile kipande juu ya kukuokoa. Wewe unakamata nini?"

Masahani nitavunja, hata nikilia. Magoti njo yananikatalia. Bakubwa munaosoma, munishauri, nifanye nini? Mutani akiwa shemeki, muntu anamuchekea ao anamupigia magoti?