Nilivyoweka isale kwenye show ya watalii, na kaka yangu akalipokea kweli

Wakuu, heshima zenu. Hili lilinikuta mwenyewe, kwetu juu ya Tengeru, enzi za ruksa, biashara binafsi zilipofunguliwa. Sitaongeza chumvi, na pale inapobidi nitajipunguzia sifa.

Nilikuwa nimerudi kutoka Ulaya na diploma ya utalii. Niliipata kwa kuosha vyombo hotelini, sikuwa na mjomba serikalini. Kijijini nilikuwa wa kwanza kuwa nayo, na kwa muda mrefu nilikuwa peke yangu.

Lodge zilikuwa zinafunguliwa Usa River kila kukicha. Wageni wakishachoka kuona twiga wanauliza: wenyeji wenyewe wako wapi? Jibu nilikuwa nalo mimi.

Nikaanzisha show ya mila za Wameru nyumbani kwangu. Ngoma, pombe ya ndizi, na kilele chake isale.

Kwa msiojua, isale ni lile jani refu tunalopanda kwenye mipaka ya mashamba. Ukimkosea mtu, unampelekea jani hilo limepigwa fundo. Yeye haruhusiwi kukataa kusamehe.

Na wewe huruhusiwi kuendelea na kosa. Hii sehemu ya pili sikuwaeleza wageni, ilikuwa inarefusha mambo.

Sasa, ili magari ya wageni yapate parking, nilikuwa nimeng'oa masale ya mpaka kati yangu na kaka yangu Anaeli, nikayapanda upya hatua kumi na mbili ndani ya migomba yake. Mimi niliita maendeleo. Yeye aliita wizi. Miaka miwili hatukusalimiana, hata kanisani kila mtu na upande wake.

Siku moja wageni wameshakaa, napata habari kwamba mwigizaji wangu wa "mkosaji" ana malaria. Nikaingia mwenyewe. Hakuna kazi inayonishinda.

"Mkosewa" alikuwa jirani yangu. Msimamizi alikuwa Shangazi Eliaika, dada mkubwa wa marehemu baba, ambaye hakuwahi kukubali kuitwa mwigizaji.

Nikainama na jani langu mkononi.

"Kosa lako?" akauliza Shangazi.

"Niliiba mbuzi." Ndivyo script ilivyosema.

"Mbuzi wa nani?"

"Shangazi, mbuzi tu. Tuendelee."

"Isale halishikwi kwa uongo, mwenye diploma. Na uliyemkosea siye huyu. Huyu mwache akanywe pombe yake."

Akageukia migombani. "Anaeli! Njoo, mdogo wako amekuletea isale!"

Kaka alikuwa anapalilia. Akaja na jembe begani. Wageni wakapiga makofi, wakajua ndiyo sehemu inayofuata.

Wakuu, ningefanyaje? Nilitupe jani mbele ya Shangazi? Hata mimi nina mipaka yangu.

"Kaka, nilisogeza mpaka."

"Hatua ngapi?"

"Kumi."

"Wewe si ndiye msomi? Hesabu vizuri."

"Kumi na mbili."

Akalipokea.

"Nimekusamehe," akasema. Kisha akanikabidhi jembe.

Nikarudisha masale palepale, nimevaa shati jeupe na tai, wageni wakipiga picha. Mmoja aliandika kwenye kitabu cha wageni kwamba hajawahi kuona mwigizaji wa kiwango changu. Sijamkanusha hadi leo.

Parking ikafa. Wageni wakawa wanashuka barabarani na kupanda mlima kwa miguu. Kwenye kipeperushi nikaandika "matembezi ya asili", wakayapenda. Isale nililitoa kwenye show, nikabaki na ngoma na pombe.

Anaeli sasa anakuja kwangu kila Jumapili baada ya ibada, tunakunywa chai. Akikaribia anapita kwenye ule mpaka akihesabu hatua kwa sauti, makusudi niisikie.

Nilichojifunza: mila si nguo ya kuvaa wageni wakija na kuvua wakiondoka. Ukiishika, nayo inakushika.

Wameru wenzangu, na nyie wa Machame na Marangu: kuna aliyewahi kupelekewa isale akalikataa? Yalimkuta yapi? Mwageni hapa. Hata wenye digrii mnaruhusiwa.