Namalwa na Miezi ya Jupita

Namalwa alikuwa mpishi wa Bwana Steyn, Kaburu mzee mwenye shamba la mahindi upande wa Moiben. Mzee huyo aliweka darubini ndefu barazani, na kwa miaka mingi alikuwa akichunguza sayari ya Jupita na miezi yake, akichora na kupeleka michoro kwa wataalamu wa ng'ambo. Mwishoni mwa 1941 macho yake yaliingia ukungu. Ndipo akamwita Namalwa kutoka jikoni.

"Weka jicho hapa. Unaona nini?"

"Taa ya mviringo, Bwana. Na nukta nne kando yake."

Mzee akaweka jicho lake tena. Yeye alikuwa anaona moja tu.

Tangu hapo, kila jioni kabla ya kupakua chakula, Namalwa alipanda sanduku, akaangalia, akachora. Akajua mwezi upi unakimbia na upi unajikokota. Siku moja aliona doa jeusi usoni mwa Jupita. Mzee akacheka kama mtoto: kilikuwa kivuli cha mwezi ukipita.

Januari, karani Kituyi alifika kwa baiskeli kutoka Eldoret na barua ya serikali. Elphas, mumewe Namalwa, askari wa KAR, jeshi la Waingereza, alikuwa ameuawa vitani Uhabeshi. Kituyi aliisoma mara mbili, maana Namalwa aliendelea kukoroga sufuria.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Kaa unywe chai."

Jioni akapanda sanduku.

"Enda nyumbani, Namalwa," mzee akasema.

"Nyama bado haijaiva, Bwana. Wacha niangalie."

Akachora miezi yote minne, mkono umetulia. Alingoja uchungu umshike, haukuja. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Machozi yalikuja Agosti, akimenya viazi. Akaendelea kumenya.

Mwaka uliofuata wataalamu waliandika kumsifu Bwana Steyn kwa macho makali. Akawajibu kwamba macho ni ya mpishi wake. Hawakuandika tena.

Mzee alipokufa, mpwa wake aliuza shamba, akachukua darubini. Michoro ilibaki sakafuni. Namalwa akaiwashia jiko. Kisha akaenda kijiji cha Plateau, akafua shuka za hospitali ya misheni miaka kumi na mmoja.

Rael, aliyekuwa akifua naye, alimwuliza kama ni kweli aliwahi kuona miezi ya sayari nyingine.

"Niliona," akasema. "Shika upande huo tukamue."