Fundi Aliyewabana Waheshimiwa kwa Pini

Mimi ni mtu wa chama tawala, tena damu damu. Nasema mapema ili asije mtu akadai namsifia shemeji yangu kwa sababu za siasa. Shemeji, mjane wa kaka yangu, ni fundi cherehani. Ukimuuliza chama chake anakujibu, "Chama changu kiko rumande."

Alimaanisha mwanawe. Kijana alitumwa kununua vifungo, akakutana na maandamano, askari wakamzoa pamoja na wengine. Miaka mitatu! Kila akipelekwa mahakamani jibu ni lile lile: upelelezi unaendelea. Upelelezi gani wa vifungo dazeni mbili? Na humo ndani alikuwa ameanza kukohoa damu. Chumba cha watu ishirini wamesokomezwa tisini, na wenzake wawili walikwisha kufa kwa kikohozi hicho hicho.

Kulikuwa na muswada uliosema mtu asikae rumande zaidi ya mwaka bila kesi yake kusikilizwa. Mwaka ukipita, atoke kwa dhamana. Ili uingie bungeni ulihitaji saini ya mbunge mmoja kutoka kila upande. Shemeji akamwendea mbunge wetu, tunayemwita Mnene.

"Mama, nakuunga mkono," Mnene akasema, "lakini yule wa upinzani atie kwanza. Nikianza mimi, wataniita msaliti."

Akamwendea yule wa upinzani, Miwani. Naye akasema maneno yale yale, utadhani wamefundishwa na mwalimu mmoja. Miezi saba akapigwa danadana. Lakini ndivyo tulivyo: watu wa vyama hivi viwili hawanunui hata chumvi duka moja.

"Waache, shemeji," nikamwambia. "Wakubwa wana mambo yao."

"Na mimi nina langu. Wewe kunja vitambaa hivyo."

Jambo moja tu waheshimiwa hawakuligombania: wote wawili suti zao zilishonwa na shemeji, maana mji mzima hakuna mwingine anayejua kulificha tumbo la Mnene wala bega la Miwani lililolala. Bunge lilikuwa linafunguliwa Jumanne. Jumamosi saa nne asubuhi akawaita waje kujaribu makoti, kila mmoja bila kujua habari za mwenzake. Mnene akabanwa pini toka kwapani hadi kiunoni. "Usijitikise, mheshimiwa, zitakuchoma." Miwani akapitishwa mlango wa nyuma, naye akabanwa vivyo hivyo upande wa pili wa pazia. Halafu shemeji akalivuta pazia.

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Waheshimiwa wawili, makoti ya mkono mmoja, nyuzi nyeupe zinaning'inia, wanatazamana. Miwani akageuka aondoke, akapiga yowe. Pini ilikuwa imemwingia ubavuni.

"Nivue!"

"Nitakuvua." Shemeji akaweka karatasi mbili juu ya meza ya kukatia. "Muswada mmoja, nakala mbili. Kila mtu atie saini yake, mbadilishane, mtie tena. Hakuna wa kwanza, hakuna wa pili. Si hilo mlilokuwa mkiliogopa?"

"Huu ni ubabe," Mnene akasema.

"Ndiyo, ni ubabe. Mwanangu anakufa na nyinyi mnaogopana! Mlango huo hapo, sijaufunga. Nendeni na makoti hivyo hivyo, barabara imejaa watu."

Hakuna aliyesogea. Nikachukua kalamu, nikampa mbunge wangu. "Tia, mheshimiwa. Kijana huyo ni mtoto wa kaka yangu."

Miwani akanung'unika, "Na kwa nchi hii, kesho sijui nani ataingia humo rumande." Akatia. Mnene naye akatia.

Muswada ulipita miezi minne baadaye. Kijana akatoka na wengine mia mbili na ushei, amekonda mno, lakini hai. Mchana ule ule mama yake akamtandikia kitanda kikubwa cha marehemu. Kijana akalala ubavu, magoti tumboni, amejibanza ukutani, kitanda kizima kitupu nyuma yake.

"Jinyooshe, mwanangu. Chote chako."

"Bado hawajasema tugeuke."

Kule hulala ubavu wote, wamepangana, na hageuki mtu mpaka nyapara atoe amri, maana mmoja peke yake hana pa kugeukia. Shemeji akambembeleza weee, kijana hakusogea, na mkono aliolalia ulikuwa umekufa ganzi. Ndipo mama yake, machozi yakimtiririka, akapaza sauti ya ukali ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Geuka!"

Akageuka.

Kesho yake shemeji hakufungua duka. Alikaa akaandika ombi kwa mkono wake, kuhusu idadi ya watu katika chumba kimoja cha gereza, nakala mbili. Moja akanisukumia kifuani.

"Hii ya watu wako," akasema. "Usiporudi na saini, usirudi kwangu."