Kondoo Tisini na Tisa

Jana jirani aliniletea mtindi ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Nilipokifungua, harufu ile ilinirudisha sande skuli kule Usangu, ambako tulihamia na ng'ombe wetu kutoka kaskazini. Watoto wenyeji walikuwa wakiziba pua kwa harufu hiyo ya maziwa na moshi nikikaa karibu nao, na Kiswahili changu kiliwachekesha, kwa hiyo nilinyamaza.

Mwalimu wetu alikuwa dada wa zahanati aliyejitolea kutufundisha kila Jumapili. Siku hiyo alitusimulia habari za mchungaji aliyeacha kondoo tisini na tisa, akaenda kumtafuta mmoja aliyepotea. Nilishindwa kuvumilia.

"Mwalimu, wale wengine kamwachia nani? Fisi si atamaliza wote?"

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu naye alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akanipa chaki.

"Njoo mbele, mdogo wangu. Mimi sijawahi kuchunga hata mbuzi. Tufundishe."

Nikachora zizi, nikaonyesha mlango unavyozibwa kwa miiba, nikasahau kuogopa. Tulipotoka, msichana aliyezoea kuziba pua alinishika mkono, akaniuliza kama ng'ombe wetu wana majina. Nikaanza kumtajia mmoja mmoja, na tulifika kwao kabla sijamaliza.