Kanana Alivyopokewa Vienna

Kanana alipoambiwa na mkubwa wake wa kazi kwamba atapelekwa Vienna kwenye mkutano wa manesi wa figo, hakuuliza habari za ndege wala za baridi. Alisema jambo moja tu, kwamba hoteli haitaki.

"Nina dada yangu huko," alisema.

Huyo dada hakuwa wa tumbo moja naye. Alikuwa Jeptoo, Mkalenjin wa Kinandi, na Kanana ni Mmeru, lakini walisomea unesi pamoja, wakalala chumba kimoja, wakavaliana viatu mpaka vikaisha. Baadaye Jeptoo aliolewa na Mwaustria, fundi wa mitambo, akaenda zake. Kanana naye akaja Texas na mumewe na mtoto. Kila Krismasi walipigiana simu, na kila Krismasi Jeptoo alimaliza kwa maneno yale yale: "Siku ukikanyaga hapa halafu ulale hotelini, tusijuane tena."

Mtu wa kwetu akiambiwa hivyo haulizi mara mbili. Kuuliza mara mbili ni kumwonyesha mwenzako kwamba hukumwamini. Kanana alimpigia kumpa siku ya kufika, Jeptoo akasema karibu, basi, yakaisha.

Aliyempeleka uwanja wa ndege ni Njoroge, jirani yake pale Carrollton, karibu na Dallas, kijana wa kufanya kazi ghalani. Alimcheka njia nzima.

"Mama Mark, watu wanakulipia kitanda, bafu na mayai asubuhi, na wewe unakataa? Si ungenipa mimi hiyo nafasi."

"Nilale hoteli kama mtu asiye na watu?"

"Mimi ningelala hoteli, halafu niende kwa dada kula tu."

"Ndiyo maana hujapata mke. Angalia barabara."

Alimjibu hivyo kwa mzaha, lakini safari hiyo alikuwa akiingoja kuliko alivyomwambia mtu yeyote. Mumewe alikuwa amekufa. Mwanawe Mark alikuwa Houston, akipiga simu Jumapili na kujibu kwa Kiingereza hata akiulizwa kwa Kiswahili. Nyumba ya Carrollton ilikuwa kubwa, na Kanana alikuwa amezoea kuiacha televisheni iseme peke yake jikoni ili kuwe na sauti. Alichotaka Vienna ni usiku mmoja tu, alale chumba kimoja na mtu aliyemjua kabla hajaitwa Mama Mark, wazungumze gizani mpaka mmoja wao ashindwe kujibu. Mkutano ulikuwa tikiti tu ya kumfikisha.

Jeptoo alimngoja uwanjani. Alikuwa amekonda, na koti lake lilikuwa limemzidi mabega. Walishikana, wakaachana kuangaliana, wakashikana tena.

"Umenona, Kanana. Texas inakulisha."

"Inanilisha peke yangu, sahani zote zangu."

Lakini hawakwenda nyumbani. Walipanda treni hadi mjini, Jeptoo akamwingiza katika mkahawa wenye viti vya mahameli, akaagiza kahawa na keki. Kanana alikula huku akijiuliza. Mgeni aliyetoka mbali hapelekwi mkahawani. Anaingizwa ndani, anapewa maji aoge, anaachwa apumzike. Keki ilikuwa tamu, akaimaliza.

Jeptoo alikoroga kahawa yake muda mrefu, kisha akasema bila kuinua macho, "Nyumba inapakwa rangi. Nimekuchukulia chumba karibu na stesheni. Nimeshalipa."

"Rangi ni kitu gani, Jeptoo? Tutafungua dirisha."

"Itakuumiza kichwa, mama. Na mimi kazi imenibana wiki hii. Tutaonana."

Akamfikisha kwenye hicho chumba, akamwonyesha swichi ya taa na mahali pa kuning'iniza koti, akaondoka mbio.

Siku zilizofuata Kanana alikwenda mkutanoni kwa tramu, treni ndogo ya barabarani. Mara ya kwanza alisimama karibu na dereva akitaka kumsalimu na kulipa, dereva akamwonyesha kwa kidole akae nyuma. Alipoketi alimwamkia mama wa kiti cha pili, na yule mama akauvuta mkoba wake karibu na kifua. Tangu hapo akatulia, akatazama nje, majumba marefu ya kijivu na watu wakitembea na mbwa waliovishwa makoti. Kule Dallas upweke wake ulikuwa wa garini, mtu na usukani wake. Hapa ulikuwa wa watu wengi, magoti yakigusana, na hakuna aliyejua kwamba amekuja.

Mkutanoni walimvalisha kikaratasi chenye jina lake, na chini yake kumeandikwa Texas. Watu walimuuliza habari za farasi na kofia. Alitaka kuwaambia kwamba kwao ni Meru, penye ukungu asubuhi, lakini walikuwa wamekwisha kugeukia mwingine. Chakula kilitolewa watu wakiwa wamesimama. Kila jioni alirudi chumbani na kuiangalia simu ya mezani, na kila jioni simu ilikaa kimya. Alimpigia Jeptoo mara moja, na Jeptoo akasema kwa sauti ya chini, "Kesho, kesho." Kesho hiyo haikufika.

Siku ya mwisho mkutano ulifungwa mapema. Kanana alikuwa na anwani, kwa kuwa mwaka uliotangulia alimtumia Jeptoo gauni kwa posta. Akajisemea: nitakwenda niione hiyo rangi. Kama hanitaki, aniambie usoni, nirudi kwetu nikijua.

Alibadilisha tramu mara mbili, akapotea kidogo, akaifikia nyumba, jengo kuukuu la mawe. Jina la Jeptoo halikuwepo kwenye vibonyezo vya kengele mlangoni, lakini namba ya mlango ilikuwa ile ile. Akabonyeza. Sauti ya Jeptoo ikaitika kwa Kijerumani.

"Ni mimi. Kanana."

"Sukuma mlango, usimame ngazini," sauti ikasema. "Usipande. Nashuka."

Alishuka amevaa aproni na ndara. Mikono yake ilinuka sabuni, wala hapakuwa na tone la rangi mahali popote.

"Imekauka?" Kanana akamuuliza.

Jeptoo akaketi kwenye ngazi. "Hakuna rangi, Kanana. Hakuna nyumba. Yule bwana aliniacha, na nyumba ilikuwa yake. Huko juu kuna bibi kizee asiyeweza kusimama. Namwogesha, namlisha, nalala jikoni kwake. Akiona mtu mgeni hulia mpaka ashindwe kupumua, na binti yake ameniambia nikiingiza mtu nifunge virago."

"Na hukuniambia, miaka yote hii ya simu?"

"Ningekuambiaje? Kila Krismasi nilikuwa nakualika. Mtu anayealika ana nyumba."

Jeptoo akainuka. "Usiende," akasema. "Kaa hapo hapo."

Aliporudi alikuwa na beseni na jagi la maji ya moto, taulo begani. Akapiga magoti kwenye jiwe baridi, akamnawisha Kanana mikono, polepole, kama anavyonawishwa mgeni wa heshima. Akapanda tena, akaleta chupa ya chai ya maziwa, vikombe, na mkate uliopakwa siagi. Wakala. Taa ya ngazini ilikuwa ya kujizima yenyewe, kwa hiyo kila baada ya muda giza liliingia, na mmoja wao akanyoosha mkono kuiwasha. Walimkumbuka matroni wao wa chuoni aliyekuwa akinusa vikombe vyao. Jeptoo alicheka akaziba mdomo, asisikike juu.

Mara kengele ya bibi kizee ikalia huko juu, Jeptoo akapanda. Alirudi, ikalia tena. Safari hiyo alikawia. Taa ikazimika, Kanana akaiacha.

"Kanana?" Jeptoo akaita kwa sauti ya chini kutoka juu gizani. "Bado uko?"

"Niko."

"Siwezi kushuka tena. Amenishika mkono."

"Kaa naye. Mimi niko tu."

Akakaa kidogo. Kisha akapanga vikombe ndani ya beseni, akakunja taulo juu yake, akatoka kwenda kutafuta tramu.

Jumapili iliyofuata kanisani Carrollton, wanawake walimzunguka wakati wa chai. Matumaini, Mkongo wanayeimba naye kwaya, ndiye aliyeshika maswali.

"Dada yako alikupokea muzuri?"

"Alininawisha mikono yeye mwenyewe. Akapiga magoti."

"Huko Ulaya? Na nyumba yake iko namna gani?"

"Ya mawe," Kanana akasema. "Ndefu, ya zamani. Ngazi zake pana hata mnaweza kukaa wawili."

Wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Wakasema kumbe Wakalenjin huolewa vizuri.

"Wewe uko na watu kila mahali, Mama Mark," Matumaini akasema.

"Ninao," akajibu, akainuka kukusanya vikombe kabla hajaulizwa lingine.