Mkate Kwanza, Kipimo Baadaye
Siku vipimo vilipoonyesha kuwa utumbo wa binti yake unaharibiwa na ngano, mama mmoja mshona nguo alitoa mkate na biskuti zote nyumbani. Daktari alisema ugonjwa huo hutembea katika ukoo, na yeye damu yake ilikuwa pungufu miaka nenda miaka rudi, dalili mojawapo ya ugonjwa huo. Akaenda kupimwa, roho juu.

"Mama, ngano unakula?" daktari aliuliza.

"Thubutu! Niliiacha pamoja na binti yangu."

"Basi damu yako inaweza kutudanganya. Kipimo hiki kinamtaka mtu anayekula ngano. Kale mkate kila siku kwa wiki kadhaa, kisha urudi."

Akala, tumbo likinguruma kama cherehani bovu, mumewe akimtania, "Mama watoto, leo sumu ndiyo dawa?"

Majibu ya damu yalipotoka, na kipimo cha utumbo kikathibitisha kuwa naye ana ugonjwa ule ule, alipiga vigelegele pale pale kwenye korido.

"Umeambiwa unaumwa, unashangilia?" mumewe alishangaa.

"Nimeambiwa ninachoumwa, baba watoto! Sasa najua adui yangu."

Papo hapo akampigia mdogo wake. "Nenda kapime, mdogo wangu. Ila mkate usiuache kwanza!"