Mwaliko kutoka Kupang

Huku kwetu Wonosobo, milimani mwa kisiwa cha Java, Indonesia, ukipita mbele ya nyumba ya mtu na mwenyewe yuko barazani, lazima atakuambia, "Ingia kwanza!" Nawe lazima umjibu, "Asante, siku nyingine," huku unaendelea na njia yako. Akikuita mara ya pili, bado ni adabu tu. Anayekutaka kweli hutaja siku na saa, halafu humtuma mtu aje kukuchukua. Anayeingia kwa mwito wa kwanza husemwa kitongoji kizima kwamba hana haya. Nimekulia katika adabu hiyo na siisifu. Imetunyima mengi, na aliyenyimwa kuliko wote ninaowajua ni Bu Wuryani, yaani Mama Wuryani, mwalimu wa watoto viziwi. Rafiki yake mkubwa alimwita nyumbani kwake mwaka baada ya mwaka, naye kila mara aliitikia kwa mdomo, miguu ikabaki nyumbani.

Bu Wur, kama tulivyozoea kumwita, alizaliwa kwenye mashamba ya viazi kule juu karibu na Dieng. Kaka yake alikuwa kiziwi. Hakuna aliyemfundisha chochote, na alikufa mtu mzima bila kuwa na hata ishara moja ya kumwita mama yake. Ndiyo sababu Wuryani alisomea kazi hiyo. Akapangiwa shule ndogo mjini kwetu, na humo yeye peke yake ndiye aliyefundisha watoto wasiosikia. Alichojifunza chuoni zamani ni kuwalazimisha watoto wasome midomo na mikono ikae kimya. Watoto walikuwa wanashindwa, naye aliona wazi kwamba wanashindwa, lakini hakuwa na wa kumuuliza. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema aliyejua hesabu za shule na basi. Akipewa swali la ufundishaji, alijibu, "Subira, Bu, subira."

Binti wa shemeji yake ndiye aliyemwekea kwenye simu ule mtandao wa posti fupi fupi, ambamo mtu hupewa nafasi ya sentensi chache tu. Humo, kila Alhamisi baada ya alasiri, walimu wa viziwi wa nchi nzima walikutana chini ya alama moja ya reli (#). Mmoja anauliza, wengine wanajibu, anayetaka kubishana anabishana. Bu Wur alikaa wiki nyingi anasoma tu bila kuthubutu kugusa kitu. Siku alipojikaza, aliandika hivi: "Salamu za heshima kwa walimu wote, wakubwa kwa wadogo. Kwanza naomba radhi kwa kuthubutu kuingia katika mazungumzo yenu, mimi mwalimu wa mlimani nisiye na elimu ya kutosha, na iwapo swali langu litamkera yeyote, basi." Hapo nafasi ikaisha. Akabonyeza, ikaenda hivyo hivyo.

Jibu lilikuja papo hapo: "Bu, radhi umeshapewa. Swali liko wapi?"

Aliyejibu ni Adolfina Nenobais, mwalimu wa viziwi wa Kupang, kisiwani Timor, mbali kabisa upande wa mashariki. Bu Wur alicheka mpaka mumewe akatoka jikoni kuja kuona kuna nini.

Swali lilikuwa juu ya mtoto aitwaye Kinasih, aliyekuwa haangalii mtu.

"Anainamisha kichwa saa zote," aliandika Bu Wur. "Nikimshika bega anapiga mayowe."

"Unamshika kutoka nyuma?"

"Ndiyo."

"Hata mimi ningepiga mayowe, Bu. Kanyaga sakafu kwa kishindo, atakisikia kwa nyayo."

"Sakafu yangu ni ya saruji."

"Basi zima taa, washa, zima, washa. Akishajua uko wapi, acha kumwita. Kaa naye chini mchore."

Bu Wur, mwanamke mzima mwenye mvi, alikaa sakafuni akachora kuku, mbuzi na viazi kwa siku nyingi. Asubuhi moja Kinasih alinyanyua uso, akamtazama usoni, akamcheka mbuzi aliyechorwa vibaya. Bu Wur aliandika maneno mawili tu mtandaoni: "Amenitazama." Siku ile walimu wa visiwa ambavyo hajawahi kuviona walimpongeza kana kwamba amejifungua.

Tangu hapo hakukosa Alhamisi. Alijifunza ishara za mikono, alijifunza kumwekea mtoto puto kifuani asikie sauti inavyotetemeka, alijifunza hata kukosoa na kukosolewa, jambo ambalo kwetu ni zito kuliko gunia. Walimu wapya wakaanza kumuuliza yeye. Adolfina hakumwachia upenyo: kila akiona radhi imezidi, anamwandikia mbele ya wote, "Bu Wur, toa maua, weka wali." Nje ya Alhamisi waliandikiana faragha wawili, kuhusu kazi, magoti, waume, na mvua inayochelewa Timor na isiyokwisha Wonosobo.

"Usiniite mwalimu," Adolfina alimwambia. "Niite Usi. Kwetu ndivyo anavyoitwa dada mkubwa."

Mambo ambayo Bu Wur hakuwahi kumwambia mtu barabarani kwetu alimwambia Usi Fina. Alimweleza habari za kaka yake. Huyo alikuwa rafiki yake wa kweli wa kwanza katika kazi ile, na sura yake aliijua kwa ile picha ndogo ya duara tu.

Kila likizo ilipokaribia, Usi Fina aliandika: "Njoo Kupang, Bu. Utalala kwetu. Uje uwaone watoto wangu." Na Bu Wur kila mara alijibu: "Asante sana, Usi. Inshallah, siku moja."

Mumewe, Mas Gun, aliwahi kusoma mmoja wa mialiko ile kwa juu ya bega lake.

"Huyu anakuita tena."

"Ni adabu yake tu, Mas."

"Na kama si adabu?"

"Angetaja siku. Hata jirani yetu Bu Jumirah ananiita kila asubuhi niingie kunywa chai. Umewahi kuniona nikiingia?"

"Siku ukiingia, Bu Jumirah atazimia," alisema Mas Gun. "Hana hata majani ya chai."

Wakacheka. Ndivyo tulivyo. Wala hawakuwa wajinga. Walikuwa wanamhurumia mwenyeji. Waliona ukilichukua neno la mtu kwa uzito, unamfanya akahangaike na godoro na kitoweo kwa sababu ya kitu alichokisema kwa uungwana tu.

Kisha Usi Fina akakosa Alhamisi moja. Akakosa na nyingine. Bu Wur aliona, lakini hakuuliza. Kwetu mtu hamwulizi mwenzake ugonjwa ambao hajautaja mwenyewe; ni kama kumfungulia mlango wa chumba cha kulala. Aliandika tu, "Tunakukumbuka, Usi."

"Nipo," Usi Fina alijibu baada ya muda. "Mapafu yamechoka kidogo. Njoo likizo hii, Bu. Nimeshatengeneza chumba cha mbele."

Bu Wur aliyasoma maneno hayo akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Alitamani kwenda, hilo alilikiri baadaye, alitamani sana. Lakini akajiambia: mgonjwa anaalika ili asionekane mgonjwa. Mimi nani nikamwongezee kazi ya mgeni juu ya kikohozi? Akaandika jibu ambalo alidhani ndilo bora kuliko yote aliyowahi kuandika: "Pumzika kwanza, Usi. Sitaki kukusumbua. Ukipona tutaonana."

Usi Fina akajibu kwa neno moja: "Haya."

Alhamisi iliyofuata ile likizo, Bu Wur alikuwa darasani, watoto wameshaondoka, anafuta ubao. Alifungua simu akakuta mishumaa. Mtu baada ya mtu ameweka picha ya mshumaa chini ya ile alama yao, na juu kabisa mwongozaji wa mazungumzo ameandika kwamba Usi Fina wa Kupang ametutoka asubuhi ile. Wafuasi mia kadhaa walipata habari pamoja, na Bu Wur alikuwa mmoja wao tu, sawa na wale ambao hawakuwahi kubadilishana naye hata salamu. Alijaribu kuandika pole. Aliandika, akafuta, akaandika, akafuta. Mwishowe akatuma neno "Usi" peke yake, akaketi kwenye kiti cha mtoto na kulia kwa sauti. Alilia kwa uchungu wa kufiwa, na pia kwa aibu, maana alikuwa ameanza kuelewa.

Nyumbani Mas Gun alimsikiliza mpaka mwisho.

"Alisema ametengeneza chumba?"

"Alisema."

"Wur," alisema, "mtu hatengenezi chumba kwa adabu."

Bu Wur akaenda. Safari ambayo alikuwa ameiona ndefu mno kwa walio hai aliifunga kwa mfu, ndege ya kwanza mpaka Surabaya, ya pili mpaka Kupang. Njia nzima alimwomba Mungu jambo moja: afike akute chumba hakuna. Akute nyumba imejaa, watu wanamshangaa, wanamuuliza wewe nani. Hapo angejua kwamba mwaliko ulikuwa maneno matamu tu, naye hakumkosea marehemu.

Nyumba ilikuwa pembeni mwa mji, kwenye ardhi ya mawe meupe na mivumo. Kaburi lilikuwa uani, kama ilivyo kwao, saruji bado mbichi, nta ya mishumaa imegandia kichwani. Kibibi chembamba kilikuwa kimeketi barazani, kinatafuna tambuu. Huyo ndiye Mama Orpa, mama yake Usi Fina.

"Shikamoo, Mama. Samahani kwa kuja bila taarifa. Mimi naitwa Wuryani."

Yule bibi alimtazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatu. "Bu Wur wa Wonosobo?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Basi umekuja," alisema Mama Orpa, akamsogezea kijaluba cha tambuu na popoo. "Fina alisema utakuja."

Kwanza walikwenda kaburini. Bu Wur alisimama, akamwombea kwa dua anazozijua yeye. Alitaka kusema naye, lakini maneno yote yaliyomjia yalikuwa ya kuomba radhi, akakumbuka mwenzake asivyozipenda, akayaacha. Kisha Mama Orpa akamwonyesha chumba cha mbele. Kilikuwepo. Kitanda kimetandikwa, na ukutani pamebandikwa karatasi yenye mshale.

"Kibla hicho," alisema Mama Orpa. "Alikwenda mwenyewe kumuuliza Haji wa dukani. Kila likizo mashuka yanafuliwa. Namwambia, Fina, huyo mtu haji. Ananiambia, Mama, amesema siku moja. Mwalimu hasemi uongo."

Bu Wur aliingia, akaketi kitandani.

Jikoni, juu ya kabati, kulikuwa na sufuria kubwa inayong'aa, karatasi ya dukani bado imebandikwa ubavuni. Mama Orpa aliishusha kwa mikono miwili.

"Hii haijapikiwa nguruwe," alisema. "Haijapikiwa chochote. Aliinunua mwaka ule wa kwanza alipokuita, akasema mgeni wangu Mwislamu, hawezi kula kwenye vyungu vyetu. Mjomba wake alipofariki watu walijaa hapa, vyombo vikapungua, nikataka kuichukua. Alinigombeza mimi, mama yake mzazi!"

"Mama," Bu Wur alisema, "nilidhani ni adabu tu."

"Nini?"

"Kuniita. Kwetu watu huitana hivyo. Nilidhani nikija nitamsumbua."

Mama Orpa alimtazama kwa mshangao wa kweli, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoumiza zaidi. "Kwani mtu anaitwa ili asije?" aliuliza.

Bu Wur alimpokea sufuria, akaiweka mezani.

Mama Orpa alibandua karatasi, akaosha sufuria, akabandika kande ya mahindi yaliyokobolewa, maharage na tui, akaipika taratibu mpaka ikalainika. Ilipoiva alipakua sahani, akaiweka mbele ya mgeni.

"Kula."

"Asante, Mama," alisema Bu Wur. "Usijisumbue. Mimi nimeshiba."

Hayo ni maneno tuliyofunzwa kabla ya kuota meno. Kwetu mwenyeji angesisitiza, mgeni angekataa tena, mwenyeji angesisitiza tena, ndipo mgeni angeonja. Lakini Mama Orpa aliambiwa mgeni ameshiba, akaamini. Akaitikia kwa kichwa, akaichukua sahani, akakirudisha chakula katika sufuria ya binti yake na kuanza kutafuta mfuniko.

Bu Wur alitazama ule mgongo uliopinda unavyokwenda zake. Akasimama.

"Mama, usifunike!" Sauti ilitoka kwa nguvu mpaka yeye mwenyewe akashtuka. "Nina njaa. Sijala tangu jana. Naomba chakula."

Mama Orpa aligeuka, mfuniko mkononi.

"Sasa si ungesema mapema, mwanangu," alisema, akapakua upya.